Marahaba ya Katana

Hili sikuambiwa. Nililiona kwa macho yangu, mchana wa jua kali, na tumboni sikuwa na kitu ila chai. Ukitaka kucheka, cheka. Katana naye alicheka.

Katana ni mlamu wangu, ndugu wa mke wangu, mtu wa Kakuyuni, na kwa umri namzidi. Kazi yetu ni kununua vyuma vikuukuu na kuvikata. Yeye ni mtu wa mzaha, mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema jogoo akiwika mapema mimi humuuliza katumwa na nani. Basi tukapata kazi upande wa Kilifi, kwenye shamba la mkonge lililokufa zamani. Kichakani mlikuwa na gari moshi dogo la ile reli nyembamba iliyokuwa ikibeba mkonge. Usifikirie treni ya Nairobi. Hili lilibeba matangi yake ya maji mbavuni, kama punda na madumu. Reli zenyewe zilishang'olewa, na matangi yameliwa na kutu hata unapitisha mkono.

Katana alikuwa akifungua mtungi wa gesi tuanze kukata, nikasikia nyuma yetu mtu anasema, "Shikamoo."

Nikageuka. Alikuwa mzee, mvi kichwa kizima, miguu mitupu, kaptura ya kaki imelowa chapachapa na mvua haijanyesha siku nyingi. Lakini kilichonishtua ni ile salamu. Niambie wewe, mzee kama yule atawaamkiaje vijana? Hapa pwani hata mtoto mdogo anajua nani humwamkia nani. Nikajiambia huyu ametumwa na wanunuzi wenzetu aje kutuchelewesha. Nikawa namkagua.

Katana akatoa kifua mbele, akaitikia kwa sauti nzito ya kizee, "Marahaba."

Yule mzee hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Kumbe ni wewe," akasema. "Basi kunywa maji, baba. Moto unakuja."

Akazunguka nyuma ya gari moshi. Nilimfuata mbio, nikidhani anakwenda kutuibia vifaa. Hapakuwa na mtu, wala alama ya mguu mchangani. Niliporudi, Katana alikuwa ameinua dumu letu la maji ya kutwa nzima, analimaliza bila kupumua.

Tukaenda kwa Mama Dama, muuza chai wa pale njiani, ambaye babake alikuwa akiwasha moto wa lile gari moshi. Nilimsimulia huku namtazama usoni, maana hata yeye nilimshuku. Akaweka birika chini. Akasema magari ya namna ile yaliletwa kadhaa, yote sura moja, na lile ndilo lililotangulia, kwa hiyo wafanyakazi wakaliita Mzee. Asubuhi hakuna aliyethubutu kulitia moto kabla ya kuliamkia na kulinywesha.

"Aliyeamkiwa na yule mzee ni lile gari," akasema. "Ni nani aliyeitikia?"

Nikamtazama Katana. Alikuwa akinywa maji ya kuoshea vikombe.

Niamini, tangu siku ile hanywi kwa kikombe, hunywa kwa ndoo. Alfajiri kifua chake huanza kuunguruma, na kitambaa cha maji ukimwekea mwilini kinakauka huku unakitazama. Hospitali hawakuona kitu. Mganga alichukua kuku, naye hakuona kitu. Mke wangu analia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Katana hafanyi mzaha tena.

Nilirudi peke yangu kule shambani. Nikasimama mbele ya lile gari moshi, nikaliamkia shikamoo kwa adabu zote, nikaliomba lichukue salamu yake limwache mlamu wangu. Nikaweka kiganja juu ya chuma. Jua la saa sita lilikuwa likichoma, na chuma kilikuwa baridi.

Majuzi nilikwenda Kakuyuni kumjulia hali. Kabla sijakaa, nikasikia kinywa changu mwenyewe kikimwamkia shikamoo, yule kijana niliyemzidi umri. Naye akaitikia.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiamkiwa na mtu asiyepasa kukuamkia, usifanye mzaha. Nyamaza kwanza, utazame nyuma yako kuna nani.