Mafuta ya Askofu

Enzi zile za Mdachi, baba hakumwamini padri wetu hata kidogo. "Mtu mzima hana mke, hana ng'ombe, anatafuta nini huku Ugogo?" aliuliza karibu kila siku. Alidhani ni jasusi wa boma. Mimi nilikuwa msichana mjuaji, nimeshakariri sala zote, nikamwona baba mshamba.

Padri alijenga kanisa, akakijua Kigogo mpaka akawa anataniana na wazee. Kisha wakubwa wake wakamwita pwani. Aliondoka na wapagazi, mmoja wao kaka yangu. Huko pwani padri akawekwa kuwa askofu. Wapagazi waliporudi walisema wamemwacha kaka mgonjwa kwenye misheni ya huko, zaidi ya hapo hawajui.

Kwetu habari ya kifo huletwa na mtu, akaisema mlangoni kwa wafiwa. Bila hivyo hatunyoi nywele wala hatukai matanga. Basi mama akaendelea kumwekea kaka ugali wake kila jioni. Niliuchukia ule ugali, na niliona aibu kuuchukia.

Mwaka wa tatu padri wetu, sasa askofu, alirudi kutupa kipaimara. Baba aliniruhusu kwa sharti: akiona jambo la kutia shaka, natoka misheni siku hiyo hiyo, naolewa. Akasimama mlangoni mwa kanisa na fimbo yake.

Askofu alinipaka mafuta kwenye paji la uso, akanigusa shavu kwa kofi jepesi. Ndivyo kipaimara kilivyokuwa, lakini hakuna aliyekumbuka kumweleza baba. Anayepakwa mafuta kwetu ni bibi arusi, siku anapotolewa kwao. Baba alikuja mbele akipangua watu.

"Umempaka binti yangu mafuta. Unampeleka wapi?"

Wengine walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Simpeleki popote, mzee," askofu alisema kwa Kigogo. "Haya ni mafuta ya Roho Mtakatifu."

"Na kaka yake, ulimpaka?"

Askofu alianza kukifunika kichupa cha mafuta. Nilikuwa karibu naye, nikaona anayakwepa macho ya baba. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kumshuku.

"Nilimpaka," alisema. "Alipokuwa anakufa. Nilimzika mwenyewe."

"Lini?"

"Wiki ile niliyowekwa uaskofu. Jina lake liko katika kitabu cha misheni, na kila mwaka namwombea misa."

Miaka mitatu kaka yangu alikuwa ameandikwa kitabuni, na mama anamsongea ugali! Hasira ilinipanda hadi machoni. Nilitegemea baba apige kelele, lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi twende nyumbani sasa hivi, ukamwambie mama yake."

Askofu alitazama mstari wa watoto waliokuwa bado hawajapakwa.

"Nikimaliza, mzee."

Baba aligeuka akatoka. Nikajifuta paji la uso kwa ncha ya nguo yangu, nikamfuata.