Mitali ya Bi Mwanamize

Bi Mwanamize wa Wete alikuwa msusi wa majamvi ya kuanikia karafuu, na hasira yake aliisuka vivyo hivyo, polepole, bila kuacha tundu. Mumewe alipofariki, mwaka wa 1933, alikwenda dukani kwa Suud kukopa mchele wa hitima. Benki ya mji mzima ilikuwa kasha la Suud. Akaweka rehani mitali ya fedha, mapambo ya miguuni aliyoachiwa na mamake, muda mpaka Rajabu iishe.

Siku ya ishirini na tisa ya Rajabu, baada ya magharibi, alikuja na fedha zote zimefungwa katika pindo la kanga. Suud hata hakuzitazama.

"Mwezi ushaandama, Bi Mwanamize. Rajabu imekwisha. Muda umepita."

Wiki hiyo hiyo Tamima, mkewe Suud, alikwenda harusini akiiliza mitali ile miguuni. Bi Mwanamize aliiona, akarudi nyumbani akalia. Tangu hapo alimchukia Suud kwa moyo wake wote, nami simlaumu.

Alingoja miaka miwili. Karafuu zilipozaa mno, akawazungukia wasusi wenzake mpaka kijiji cha Msuka, akayachukua majamvi yao yote kwa mkopo. Walimpa, maana neno lake lilikuwa neno. Mengi akayakodisha kwa taslimu, na wasusi wakalipwa. Mengine akayaweka.

Suud alikuwa amenunua karafuu mbichi za mashamba matatu, fedha zake zikaishia humo. Karafuu mbichi zikilala rundo huchemka zikaoza. Akaja mlangoni amelowa jasho.

"Nikodishe majamvi, mamangu. N'takulipa nikishauza."

"Lete rehani. Mitali."

"Ya mke wangu?"

"Ya mamangu. Muda mpaka Shaabani iishe."

Akaileta. Karafuu zikakauka, akauza vizuri. Lakini wingu la vuli lilifunga siku tatu, na Suud akajipa moyo kwamba mwandamo hautaonekana na mwezi utatimiza thelathini, akaahirisha kulipa. Jioni ya ishirini na tisa wingu likapasuka, watoto wakapiga kelele za Ramadhani. Suud akaja mbio, fedha mkononi.

Bi Mwanamize alikuwa barazani, mitali ameshaivaa.

"Muda umepita, Bwana Suud. Fedha zako zitunze, ukopeshe wajane."

Tangu kesho yake, kila alipokwenda kisimani alipitia mbele ya duka la Suud, ingawa njia ile ilikuwa ndefu zaidi, na alitembea taratibu ili mitali isikike.