Joto la Chini ya Turubai

Siku ile naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Ilikuwa mwezi wa saba, miaka ya sabini, barabara ya lami ya kwenda Mbeya ikiwa bado mpya, na ukungu wa Mafinga ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa magurudumu. Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa na miezi miwili, kwa hiyo haya ninayokusimulia huwezi kuyabisha wala kunisahihisha. Itabidi unisikilize tu, kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Najua una mvi, Asajile, na sasa umeshakuwa babu. Lakini mimi ni mama yako mdogo, na mbele yangu mvi zako ni unga tu uliokumwagikia kichwani. Juzi ulipoingia hapa Kihesa, Iringa, nilikuwa uani nachambua maharage, nikalisikia gari lako kabla sijaliona. Linakoroma. Ulipokwenda kuoga nikachungulia ndani, nikaona kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa kwenye dashibodi. Nikakuuliza ni cha nini. Ukacheka, ukasema, "Mama mdogo, hiyo ni taa ya injini. Inawaka bila sababu, inaniudhi macho tu."

Bila sababu. Na kesho unataka kumpakia binti yako na kichanga chake ndani ya gari hilo, uwapeleke Mbeya kwa mkwe wako. Tangu juzi nalala nusu nusu. Nikisinzia naota ukungu, na nikiota ukungu nasikia ukimya, na huo ukimya ndio ninaouogopa mpaka leo.

Basi sikiliza. Mama yako alikuja kujifungulia nyumbani, hapa hapa Kihesa, kama alivyofanya huyu binti yako, maana mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa upande wa kwao binti. Arobaini ilipopita, baba yako akatuma salamu kutoka Mbeya kwamba sasa anataka kumwona mwanawe. Tukakusindikiza. Mama yako alikubeba, mimi nilibeba mizigo, na pamoja nasi alikuwa shangazi yetu, dada yake baba, aliyeolewa Mufindi, mrefu, mkali, asiyependa gari hata kidogo. Kila akipanda anatapika. Watu walimcheka kwa hilo, naye hakujali.

Tulipata nafasi nyuma ya gari dogo la mizigo la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale mjini, lililokuwa linapeleka sabuni na vitambaa Mbeya. Dereva wake aliitwa Lugano, kijana wa Kinyakyusa, mpole, aliyekuwa jirani wa baba yako kule Mbeya. Nyuma tulikaa juu ya katoni na mabunda, na abiria wengine wachache, na juu yetu turubai. Tangu tunaondoka gari lilikuwa linanguruma kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mzee mmoja akamuuliza Lugano mbona linapiga kelele namna ile.

"Bomba la moshi limelegea tu, mzee," Lugano akamjibu. "Injini ni nzima. Nikifika Mbeya nitalifunga."

Sote tukaridhika. Gari linakwenda, milima linapanda, nani angetaka zaidi? Wewe ndiye hukuridhika. Ulilia kuanzia Iringa mpaka Mafinga bila kupumzika, mpaka mama yako akaona aibu, akawa anawaomba radhi watu. Ulikuwa na mapafu, wewe.

Baada ya Mafinga baridi ikawa haisemeki. Manyunyu yakaanza, upepo ukawa unapiga pembeni. Wanaume wakashusha turubai, wakalifunga kwa kamba pande zote, ukabaki upenyo mdogo kule nyuma kabisa kwa ajili ya shangazi, atoe kichwa akitaka kutapika. Ndani kukawa na giza kidogo, na watu tukajikunyata. Ndipo mwanamke mmoja akagundua kwamba kule mbele, kwenye kona iliyogusana na chumba cha dereva, bodi ilikuwa na tundu, na pale kwenye tundu kulikuwa kunatoka joto.

Mwanangu, sijui nikuelezeje utamu wa joto lile. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Watu wakaanza kusogea, wakacheka, mmoja akasema gari la Lugano lina jiko lake. Lakini walikuwa watu wenye utu. Wote kwa pamoja wakasema apishwe mzazi. Wakapanga katoni vizuri, wakatandika blanketi, mama yako akalala pale kwenye kona na wewe kifuani kwake. Mwanamume mmoja akavua koti lake, akawafunika mpaka kichwani ili joto lisipotee. Mimi nikakaa karibu na miguu yenu. Baada ya muda ukanyamaza. Watu wakashukuru kabisa, wakasema kumbe mtoto alikuwa analia baridi.

Harufu ya moshi ilikuwepo, siwezi kukudanganya kwamba haikuwepo. Lakini gari gani siku zile lilikuwa halinuki moshi? Kichwa kikaanza kuniuma hapa, kwenye paji. Nikadhani ni njaa. Walikuwepo wawili waliokuwa wanapiga soga za mahindi na bei ya mbolea, nao wakanyamaza. Mwanamke aliyekuwa anaimba polepole akanyamaza. Moyo wangu ukawa unakwenda mbio na mimi nimekaa tu. Nilitaka kuinua mkono nijikune shavu, mkono ukakataa, na sikujali. Hilo ndilo la kutisha, mwanangu. Hatukuogopa. Tulikuwa tumestarehe.

Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa anavuta hewa ya nje, kichwa chake kikiwa penye upenyo. Nikamsikia kwa mbali sana anaita jina la mama yako. Hakuitikiwa. Akaita jina langu. Nikataka kuitika, ulimi ukawa mzito. Akauliza, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka, "Mbona mmelala wote?"

Mzee mmoja akamjibu kwa taabu, "Tumepata joto, mama. Waache walale."

Aliposikia hilo neno, waache walale, shangazi akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Akaanza kukata kamba za turubai kwa kisu chake cha kumenyea miwa. Mzee akamwambia asifungue, baridi itamwua mtoto. Hakumsikiliza. Upepo ukaingia, turubai likapepea juu kama nguo kwenye kamba, na Lugano alipoliona kwenye kioo chake akasimamisha gari. Tulikuwa tunakaribia Nyololo, pembeni kulikuwa na nyasi ndefu zenye maji.

Walitushusha mmoja mmoja. Mimi nilianguka magotini, nikatapika. Mama yako walimbeba, kichwa chake kinaning'inia. Na wewe shangazi akakutoa chini ya lile koti. Ulikuwa umelegea kama kitambaa kilichoroweshwa. Mashavu yako yalikuwa mekundu, mazuri, ya mtoto mwenye afya, na hukuwa unapumua vizuri. Unavuta, unakaa. Unavuta, unakaa sana. Mimi nilikuwa nimeshika nyasi, naomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, nafikiria tutamwambia nini baba yako aliyesimama kwake anasubiri.

Shangazi alikuvua nguo zote katika baridi ile. Akakuelekeza kwenye upepo. Akakupulizia puani na mdomoni, pole pole, huku anakusugua mgongo, anakufinya mapaja, anakuita kwa jina la babu yako ulilorithi. Watu wamesimama wametuzunguka. Lugano amejishika kichwa. Sijui ilichukua muda gani, naona tu kama nimekaa kwenye zile nyasi mwaka mzima. Halafu ukakohoa. Halafu ukalia, kilio kidogo cha paka, kisha kikubwa, na shangazi akakaa chini kwenye matope na wewe, akalia kukushinda.

Mama yako alipozinduka kitu cha kwanza alichosema ni, "Mbona mtoto analia?" Tukacheka na kulia kwa pamoja.

Baadaye, tulipoweza kusimama, shangazi akatuambia usingizi ule ameujulia wapi. Alipokuwa bado kijana, kule Mufindi alikoolewa, aliwaingizia wanawe wawili jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi, akafunga dirisha. Asubuhi akawakuta wamekumbatiana, mashavu mekundu. Mvua ilikuwa inanyesha, akasema moyoni waache walale. Akaenda zake kuchota maji. Kumbe hakukuwa na wa kuamshwa. Hakuwahi kuisimulia habari hiyo kwa yeyote upande wetu, hata baba hakuijua vizuri.

Lugano aliingia chini ya gari. Bomba la moshi lilikuwa limeachana pale kwenye maungio, chini ya ile kona yetu hasa, na bodi yote kwa chini ilikuwa nyeusi kwa masizi. Moshi ulikuwa haufiki nyuma, unatoka njiani na kupanda kwa lile tundu. Akatoka kule chini, akapiga magoti mbele ya shangazi. Shangazi akamwinua. Akamwambia, "Hukufanya kwa ubaya, mwanangu. Lakini gari lilikuambia tangu Iringa, na wewe ukaona ni kelele tu."

Hatukuwa na njia nyingine isipokuwa kuendelea. Tuliziba tundu kwa gunia na udongo, turubai tukalitoa kabisa, tukaenda mpaka Makambako tukipigwa na manyunyu, meno yanagongana, hakuna aliyelalamika. Shangazi alikuweka kifuani chini ya kitenge chake. Kila ulipoanza kusinzia alikufinya, ukalia. Unasinzia, anakufinya. Wewe unalia, abiria wanakuangalia kama watu wanaosikiliza muziki. Mganga wa zahanati pale Makambako alikupima akashangaa kuona mapaja yako yana alama za kucha. Lugano naye alilala chini ya gari na fundi mpaka bomba likafungwa, na tangu siku hiyo kila alikosimama alikuwa anainama kulitazama.

Sasa nirudi kwako. Usinikasirikie, lakini jana ulipokwenda sokoni kwa miguu uliacha funguo mezani, nikamwita fundi jirani yetu. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kisha akalala chini ya gari. Akanieleza taratibu, nami nikamwambia arudie mpaka nielewe. Taa yako ilianza kuwaka kwa sababu plagi moja, ile inayowasha petroli ndani ya injini, haichomi vizuri. Petroli isiyoungua ikawa inakwenda kuungulia kule kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, ndani ya kile kidude cha kusafisha moshi mnachokiita masega. Masega yakapata moto, yakayeyuka, yakaziba. Ndiyo maana ulikuwa unalalamika gari halina nguvu, likifika mlimani linachoka. Badala ya kuuliza taa inasema nini, ukaenda kwa watu wakakata masega, wakachomelea bomba tupu. Plagi ni ile ile mbovu. Na pale walipochomelea pamepasuka. Fundi alipitisha kidole, akanionyesha. Kidole kilikuwa cheusi.

Mwanangu, nilikaa kwenye ngazi. Ilikuwa masizi yale yale. Pamepasuka chini ya kiti cha nyuma, atakapokaa binti yako na mtoto, vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi ya Mafinga, na wewe mbele unafurahi kwamba mtoto ametulia.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na uwafikishie na wanao wanaoendesha. Taa ikiwaka, usiizibe. Ipeleke ikapimwe, ujue ni plagi, ni sensa, vile vidude vya kupimia, au ni masega yenyewe, kabla mtu hajakata chochote. Ikianza kuwaka na kuzima kwa kupepesa, usiende nayo mbali, injini inaumia hapo hapo. Gari likibadilisha sauti, likinuka moshi au mayai viza, likichoka mlimani, usiliambie linyamaze. Asubuhi likiwa limepoa, liwashe, inama, sikiliza kama kuna mahali panapotoa pumzi, tafuta weusi kwenye maungio. Na abiria wako wakianza kuumwa kichwa wote kwa pamoja, au wakisinzia wote kwa pamoja, simama, fungua milango, washushe, hata kama kuna mvua, hata kama watakutukana. Mtoto wa watu apate mafua, mafua yanapona.

Ile tepu nimeibandua mwenyewe, iko jikoni kwenye takataka. Funguo ziko kwa fundi, ameniahidi atabadilisha plagi na kulifunga bomba upya, na masega mengine utayatafuta ukifika Mbeya. Binti yako nimeshamwambia safari si kesho. Kichanga kiko mgongoni kwangu sasa hivi ninapozungumza nawe, kimelala, na kila baada ya muda nageuza shingo nisikilize kama kinapumua. Ndivyo nilivyo tangu siku ile, nimefanya hivyo kwa kila mtoto wa ukoo huu, na wewe ulikuwa wa kwanza.

Nenda mwanangu, gari likishapona. Mungu akutangulie Mafinga, akupitishe salama Nyololo, akuondolee ukungu mbele ya macho. Akufikishe Mbeya umechoka masikio, mtoto akilia njia nzima.