Mgongo wa Shemeji kwenye Tovuti Yangu

Admin, nifichie jina, na la biashara pia usilitaje kwa sababu wateja wangu wengi wako humu ndani. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, ninaishi Landless hapa Thika. Ninashona nguo za ruracio, sherehe yetu Wakikuyu ya mahari, na kupamba mahema siku hiyo familia ya kijana inapoleta mahari. Mdomo ninao, wanaonijua wanajua, lakini wiki hii nimenyamaza hadi fundi mwenzangu akaniuliza kama ninaumwa.

Zamani wateja walinifikia kwa kuambiana tu. Kisha wenzangu wakaanza kunipita kwa sababu wao wako mtandaoni. Nikamwendea binti mmoja wa kanisani kwetu anayetengeneza tovuti za biashara ndogo. Nilikwenda na makuu yangu: kurasa nyingi, video, muziki, na maua yanayoanguka kutoka juu. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwa heshima kwamba hayo yote yatanimalizia pesa na hakuna mteja anayeyahitaji. Tuanze na ukurasa mmoja: ninafanya nini, ninapatikana wapi, bei inaanzia wapi, na kitufe cha kunitumia ujumbe. Akaisajili tovuti kwa jina langu, si lake, ili hata tukikosana nisifungiwe nje ya mali yangu. Jambo alilokataa kabisa ni kuchukua mtandaoni picha za kazi za watu wengine.

"Auntie, mteja akikuuliza hii kazi ulifanyia wapi, utamwambia nini?"

Picha nzuri nilizokuwa nazo ni za ruracio ya mdogo wangu. Nimwite Shiro. Watu wa kwetu mnajua pale kijana anapotakiwa kumtambua msichana wake kati ya wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni. Picha moja ilipigwa shemeji, kijana wa Shiro, akiwa ameinua leso, mgongo wake kwetu, na Shiro anacheka huku machozi yanamtoka. Shemeji alikubali tuiweke mradi uso wake usionekane popote. Tulimcheka, tukasema huyu bwana ana haya kumshinda bibi harusi.

Tuliiweka juu kabisa, na ndiyo imenilisha. Kila anayenitafuta anasema anataka kama ile.

Mwaka jana shemeji alisema amepata kazi ya mjengo Naivasha. Mwanzoni alikuwa akirudi mwisho wa mwezi, baadaye ikawa ni simu, na siku hizi hata simu ni ya kubahatisha. Shiro amebaki Witeithie kwenye nyumba ya kupanga na binti yao mdogo. Nilimwambia nitaitoa ile picha kama inamuumiza. Akasema wacha ikae, akirudi aikute. Mtoto naye akishika simu yangu anafungua tovuti, anaweka kidole kwenye ule mgongo na kusema daddy. Huwa ninajifanya kutafuta sindano.

Sasa sikieni. Kuna msichana wa Gitothua, kule Ruiru, aliyenipata kupitia tovuti hiyo hiyo. Ana adabu, ananiita mum. Ile picha ilimgusa sana.

"Huyo dem anaonekana amependwa, mum. Nataka yangu ikuwe hivyo tu."

Kwa sababu dada zake ni wachache, aliniomba nimletee wanawake wa kufunikwa pamoja naye. Hiyo ni kazi ninayofanya kila mara, na wa kwanza kumwita ni Shiro. Ananisaidia, na mimi humtoa kidogo kwenye mawazo. Nikampigia siku hiyo hiyo, akakubali.

Jumanne iliyopita msichana akanitumia picha ya mpenzi wake, nione umbo na rangi yake nimshonee shati la kufanana na gauni lake. Akasema nisimtafute huyo mpenzi wala nisimpigie, kwa sababu hajaambiwa ni nani anayeshona, na yeye msichana anataka ashangae siku yenyewe. Nikaifungua nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Alikuwa shemeji. Na shati alilovaa ni lile nililomshonea kwa ruracio ya Shiro, shanga za kola nilizitia kwa mkono wangu mwenyewe. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimuuliza yule msichana polepole kama mpenzi wake amewahi kuoa. Akanijibu kwa furaha kwamba hapana, eti alikuwa akimngoja yeye.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia Shiro, ni mimi nitakayemzimia tumaini alilobaki nalo. Msichana naye hajanikosea lolote, alipenda picha tu. Mama yetu ana presha, na kwake shemeji bado ni mkwe, maana mbuzi wake wa mahari tulikula na hakuna aliyerudisha kitu. Nikikataa kazi, atatafutwa mpambaji mwingine na sherehe itaendelea. Nikinyamaza nichukue pesa, nitamwangaliaje ndugu yangu? Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Jana Shiro alikuja kunitembelea. Amefua leso yake, ameipiga pasi na kuikunja vizuri kwenye mfuko. Alikuwa amechangamka. Akaniuliza kama bwana harusi ni mcheshi, kwa sababu yeye hupenda pale mwanamume anapokosea, akamfunua mtu asiyemjua, na watu wote wakaangua kicheko. Nikamjibu kwamba simjui.

Ruracio ni Jumamosi hii. Shiro atakuwa kwenye mstari, amefunikwa, akingoja kucheka. Ndugu zangu, nishaurini kama mnavyomshauri wa tumbo moja: nimtoe kwenye mstari huo, ama nimwache shemeji aiinue leso?