Kimya cha Theluji Falls Church

Jumamosi ile kwetu Uvira, kando ya ziwa, nilikuwa nasonga ugali, na mume wangu Kitoga alikuwa anaupaka mlango wetu rangi ya buluu. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa amekaa kwenye kiti uani akimwelekeza. Kila Kitoga aliposema amemaliza, Mama aliona mahali alipoparuka. Binti yetu Furaha, wa miaka mitatu, alikuwa na buluu hadi masikioni. Tulicheka sana asubuhi ile.

Kisha mtaa ukanyamaza.

Mashine ya kusaga ya jirani ilizimwa. Watoto waliokuwa wakicheza njiani hawakusikika tena. Kitoga akasimama na brashi mkononi, akisikiliza.

Risasi zilianza upande wa soko.

Tulikimbilia milimani. Tulipofika kwenye mashamba ya mihogo, Mama alikuwa anahema vibaya, na dawa zake za presha zilikuwa zimebaki nyumbani. Kitoga akasema, "Narudi sasa hivi."

Hakurudi.

Jirani aliyetoka nyuma yetu alituambia siku ya tatu alichokiona. Sitakiandika hapa. Tulivuka ziwa, tukaishi kambini Kigoma miaka mitano, halafu tukapelekwa Marekani, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu katika mji wa Falls Church. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili.

Tulifika wakati wa joto. Nilipata kazi ya kufua mashuka hotelini, na nikajua majina ya wote wa zamu yangu. Watu walisema mimi ni mchangamfu. Ilipofika mwezi wa kumi na moja, jua likawa linazama kabla sijatoka kazini. Nilikuwa nalala kwa saa kumi nzima na bado naamka nimechoka. Nilikula mkate asubuhi, mkate mchana, mkate jioni. Nikakosa kazi siku mbili bila ugonjwa wa kuuonyesha, na msimamizi akaniambia nikikosa ya tatu nisirudi.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Wambui, Mkenya wa Nyeri, aliyefanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Alinitazama mara moja tu.

"Mama Furaha, hii winta inakukula," alisema. "Hata mimi mwaka wa kwanza ilinimaliza. Siku moja nilikuwa nadraivu kwa Beltway, ile barabara kubwa ya mzunguko, nikilia kama mtoto, eti juu mtu amenipigia honi. Daktari akaniambia nitoke nje saa sita, jua likiwa juu, nitembee, nisijifungie peke yangu. Nikasaidika. Nawe jaribu."

Nikamwambia nitajaribu. Nikarudi kitandani.

Theluji yetu ya kwanza kubwa ilianguka tukiwa tumelala. Niliamka asubuhi na kusikiliza. Barabara kubwa iliyo nyuma ya jengo letu, isiyokaa kimya hata dakika moja, ilikuwa kimya. Hakuna gari. Hakuna mtoto. Hakuna sauti ya mtu.

Mama hakuwepo kitandani kwake.

Nilimshika Furaha mkono, nikamwingiza bafuni, nikafunga mlango na kuzima taa. Tukakaa sakafuni. Nilimziba mdomo kwa kiganja.

Mlango wa nje ukagongwa. Mara tatu, kwa nguvu.

Nilimvuta Furaha karibu zaidi.

"Mama Furaha, fungua! Ni miye!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Nilipofungua alikuwa amesimama na Wambui, amevaa sweta mbili juu ya kitenge na mabuti ya Wambui yaliyomzidi kama mitumbwi. Alikuwa anacheka. Aliponiona uso, akaacha.

"Juu ya nini mulikuwa mu giza?"

"Kumenyamaza, Mama. Watu wamekimbia."

Alinishika mkono, akanipeleka dirishani, akafungua pazia. "Angalia. Hakuna mutu alikimbia. Wako mu manyumba yao, wanakunywa chai. Hii kimya ni ya theluji."

Nikakaa chini. Wambui akamchukua Furaha akamnywesha uji kwake. Mama akakaa sakafuni pembeni yangu, na pale akasema jambo ambalo hatukuwa tumelisema kwa zaidi ya miaka mitano.

"Kitoga alirudia dawa zangu. Unafikiri siijui? Kila asubuhi ninapomeza kidonge, ninaijua. Kama nikikaa mu kitanda, sitatoka tena. Njo maana natoka."

"Sijawahi kukulaumu, Mama."

"Nilingojea useme." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa vaa."

Tukashuka, Wambui na Furaha wakitufuata. Baridi ilinipiga kifuani, lakini jua lilikuwa linawaka juu ya weupe ule hadi nikafumba macho. Mzee Rashidi wa ghorofa ya chini, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa dereva wa ubalozi, alikuwa anafukua gari lake kwa koleo. Mama akafinyanga donge la theluji, akalirusha. Sijui alilenga nini. Lilimpata Mzee Rashidi kwenye kofia.

Mzee akageuka polepole, akaivua kofia, akaikung'uta. "Bibi," alisema kwa adabu zake zote, "kwenu ndivyo mnavyosalimiana?"

"Ndiyo!" Mama akamjibu.

"Basi na miye nirudishe salamu." Akainama, akachota.

Furaha alipiga kelele za furaha kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa ameshaanza kututangulia nayo. Wambui alijificha nyuma ya gari. Nami nikacheka hadi nikashika ubavu, kicheko changu cha kwanza tangu miti ipukutishe majani na baridi kuanza.

Keshoye nilikwenda kazini. Haikuwa dawa ya siku moja. Zilikuwepo asubuhi ambazo Mama alinivuta miguu kutoka kitandani. Lakini saa sita niliacha mashuka na kuzunguka maegesho ya hoteli, na Jumamosi tulipika sombe, majani ya mihogo ya kwetu, tukala sebuleni, mapazia wazi, pamoja na Wambui na Mzee Rashidi, ambaye kila mara alilalamika haina nazi na kila mara aliongeza sahani.

Mama alifariki miaka sita baadaye, mwezi wa saba, katika joto kali. Tulimzika katika jimbo jirani la Maryland. Kitoga hana kaburi ninalolijua, na hilo bado ni zito. Halijapungua, ingawa nimejifunza kuishi na baridi. Kila Desemba nakwenda kaburini kwa Mama saa za mchana, Furaha, ambaye sasa ni mtu mzima, akiniendesha kwa gari. Siku moja aliniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Tulikaa garini, nikamsimulia kwa Kiswahili, polepole, hadi vioo vikaingia ukungu. Alisikiliza yote, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akanijibu kwa Kiswahili.

"Endelea, Mama," alisema.