Iafoni za Kuziba Zimenibebesha Mama Mkwe

Jamani, leo nimembeba mama mkwe kwenye boda!

Usicheke kwanza, soma.

Asubuhi hapa Busia nilikuwa nachagua iafoni zisizo na waya. Muuzaji akaniambia, "Ndugu, wewe mtu wa boda, chukua hizi za kukaa nje ya sikio, usikie watu."

Mimi niliyefika mpaka Juba nifundishwe kuvaa iafoni? Nikachukua za mpira, zinaziba kabisa.

Mama mmoja akapanda nyuma, hata sikumtazama usoni, akanyoosha mkono njia ya Buteba. Nikaondoka naimba.

Njiani akaanza kunipiga mgongoni. Nikajua sauti yangu imemkolea, nikaongeza!

Nilipotoa moja sikioni, nikasikia: "Simama! Wewe si mume wa binti yangu?"

Helmeti ilinificha uso, kuimba kukaniuza.

Na huku kwetu mkwe hamgusi mama wa mke wake, hata njiani anampisha mbali. Sisi tumeshikana tangu Busia!

Sasa yuko ng'ambo ya barabara, kajifunika kitenge usoni. Mimi nimejificha nyuma ya pikipiki. Kumwacha juani siwezi, kumsogelea siwezi.

Mwenye boda aliye karibu na Buteba, tafadhali njoo umchukue mama.

Na mke wangu anapiga simu. Nimwambie nini?