Siku Tuliyobadilisha Sili za Pikipiki ya Baba

Pikipiki ninayoendea kazini ilikuwa ya baba kabla haijawa yangu. Baba alikuwa katekista, akazunguka nayo vigango vya Bukombe na Ushirombo kwa miaka mingi, hadi macho yake yalipoingiwa na mtoto wa jicho na akawa anaona watu kama vivuli. Alinikabidhi ufunguo bila hotuba. Mimi ni muuguzi. Naishi Kalangalala, mjini Geita, na siku za kliniki ya mkoba nabeba chanjo kwenda kwa akina mama wa upande wa Rwamgasa, kwenye machimbo.

Niliona mafuta kwenye mguu wa kushoto wa shokapu ya mbele, nikayafuta kwa kitambaa na kuendelea na safari zangu. Nilifanya hivyo wiki kadhaa. Asubuhi moja tairi la mbele likaingia kwenye shimo, shokapu ikagonga chini kama nyundo, usukani ukanitoka mikononi, na mimi na kisanduku cha chanjo tukajikuta kwenye majani. Chanjo zilikuwa salama. Goti langu halikuwa salama sana. Wachimbaji wawili waliokuwa wanapita walininyanyulia pikipiki, na mmoja akapitisha kidole kwenye ule mguu, akakinusa.

"Dada nesi, sili zimekufa hizi," alisema. "Mafuta yote yameishia njiani. Huna shokapu hapa, una bomba tu."

Fundi wa mjini alitaka kung'oa mbele yote na kuweka shokapu za pikipiki mpya. Nilipompigia baba simu, hakuniacha nimalize.

"Mwambie aondoe mikono. Ilete nyumbani."

Jumamosi nikaenda Ushirombo taratibu, nikikwepa kila shimo. Kabla ya kufika nyumbani nilipita kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa palepale na anayekijua Kisumbwa kuliko mimi. Nilimwamkia, nikamweleza shida. Alitoka nje, akaitazama pikipiki, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani. Kisha akaingia stoo, akarudi na sili zenyewe, pete za mpira zenye vumbi zinazozuia mafuta yasivuje.

"Chukua jozi mbili," alisema.

"Si jozi moja inatosha, mzee?"

"Inatosha kwa mtu mwingine. Baba yako ana haraka."

Nyumbani baba alikuwa ameshatandika turubai uani na kupanga spana kwa ukubwa, kwa kupapasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu." Huniita hivyo, mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Goti linaendeleaje? Haya, weka gogo chini ya injini, tairi la mbele lielee."

Macho yalikuwa yangu, maarifa yalikuwa yake. Nilitoa gurudumu, nikalegeza vifuniko vya juu, nikavuta miguu yote miwili ya shokapu. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama uji wa ulezi ulioungua, yakinuka samaki. Bolti ya chini ndiyo ilitusumbua: kila nikiizungusha, kitu cha ndani kilizunguka nayo. Baba akamwita mama.

"Lete mpini wa jembe."

"Jembe langu lina kosa gani?" mama aliuliza kutoka jikoni, lakini aliuleta. Tuliuchomeka ndani ya bomba, mama akaukandamiza kwa uzito wake wote huku akicheka, mimi nikazungusha, na bolti ikaachia. Sijui mara ya mwisho sisi watatu tulifanya kazi moja lini.

Baba alipitisha ukucha kwenye bomba la chuma, polepole, kutoka juu kwenda chini. Akasimama katikati.

"Hapa pana vishimo vya kutu. Ukiweka sili mpya, vitaikata. Una rangi ya kucha?"

Nilimtazama. Nilipokuwa na miaka kumi na minne alinikuta na chupa ya rangi ya kucha, akaitupa chooni, na hatukuzungumza siku mbili.

"Ninayo," nilisema. "Nyekundu."

"Rangi yoyote."

Nikapaka vishimo, tukangoja vikauke juani, nikasugua kwa msasa laini hadi bomba likawa sawa. Mama alikaa pembeni akimwangalia baba, midomo ameibana. Mwishowe akashindwa.

"Miaka yote hii, kumbe ulikuwa unaijua kazi yake."

"Sikuwa na pikipiki yenye kutu wakati ule," baba alijibu, nasi tukacheka hadi akacheka mwenyewe.

Sili ya kwanza aliing'ang'ania kuivisha yeye. Nilimwambia angoje nipake mafuta, hakungoja, akaisukuma, ikachanika kwenye ukingo wa bomba. Aliipapasa ile pete hadi kidole kikaupata mchaniko. Nikatoa jozi ya pili mfukoni.

"Nani alikwambia ununue mbili?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa. "Yule mzee ananijua mno," akasema, akanikabidhi kazi. Nilipaka mafuta, nikaivisha taratibu, nikaigongea ndani kwa kipande cha bomba la maji kilichoenea sawasawa. Mafuta mapya niliyapima kwa kikombe cha kupimia dawa, kiasi kilekile kila mguu, na baba akataka nimsomee mstari wa kipimo kila nilipomimina.

Jumapili tulikwenda misani. Mama alitangulia kwa miguu na wanajumuiya wenzake. Baba alipanda nyuma yangu, kwa mara ya kwanza akiwa abiria wa pikipiki hiyo, mikono yake mabegani mwangu. Barabarani palikuwa na tuta, nikapunguza mwendo. Mbele ikashuka na kuinuka kwa ulaini, bila kugonga.

"Ngoja," alisema. "Rudi."

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Rudi tulipite tena."

Niligeuza, tukalipita tuta mara tatu, huku watu waliovaa nguo za kanisani wakitushangaa. Tulifika wimbo wa kuingia umeshaanza, na baba akaudaka kutoka mlangoni kwa sauti yake yote.